Kompyuta Ikikataa Kufuta Faili, Itaje Nani Kaishika

Kila anayetumia kompyuta yenye Windows anakifahamu kile kisanduku. Umechagua faili, umebonyeza kufuta, na badala ya faili kuondoka unaambiwa kwamba kazi haiwezi kukamilika kwa sababu faili hiyo imefunguliwa katika programu nyingine. Unatazama chini ya skrini, huoni kitu. Word umeifunga, Excel umeifunga, hata kivinjari umekifunga. Unabonyeza kujaribu tena, jibu ni lile lile. Programu gani hiyo? Kisanduku hakisemi.

Nina ugomvi na ukimya huo. Na kukataa kwenyewe sina ugomvi hata kidogo, na ninataka tuyatenganishe mambo haya mawili mapema, kwa sababu watu wengi huyachanganya, wakiwamo mafundi wanaolipwa kwa kazi hii. Wakishayachanganya, huanza kupigana na kinga iliyowekwa kwa faida yao wenyewe.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mashine. Programu haiwezi kujichukulia faili hivi hivi. Lazima iiombe Windows iifungulie, na ndani ya ombi hilo hilo inataja masharti yake: wakati ninaitumia, je, wengine waruhusiwe kuisoma? Waruhusiwe kuiandika? Waruhusiwe kuifuta? Ruhusa ni tatu na kila moja inajitegemea. Windows inayashika masharti hayo na kuyasimamia mpaka programu iiachie faili. Ukija wewe na ombi la kufuta, na aliyekutangulia hakutoa ruhusa ya tatu, unarudishwa mlangoni kwa kosa ambalo ndani ya mfumo lina namba yake: 32.

Mara nyingi hakuna mtu aliyekaa na kuamua kwamba faili yako isifutwe. Mtengeneza programu anayefungua faili kwa njia ya kawaida ya lugha ya C ndani ya Windows hupata masharti yaliyokwisha kupangwa na maktaba ya Microsoft: wengine wasome, wengine waandike, lakini ruhusa ya kufuta haimo. Akitaka iwemo inabidi apite njia nyingine, aiombe kwa kuitaja. Wengi hawaiombi kwa kuwa hawakuwahi kuambiwa kwamba ipo. Kwa hiyo faili nyingi zinazogoma kufutika zimezuiliwa na kutofikiriwa tu.

Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali anaijua masjala. Jalada likitoka linaandikwa kwenye daftari: limechukuliwa na ofisa gani, lini. Ukilihitaji wakati liko nje, karani ana haki ya kukukatalia, na hata akikukatalia kwa ukali yuko sahihi, maana jalada lenye barua zinazoshughulikiwa halichanwi wala halichomwi. Lakini karani huyo hakuachi umesimama pale ukijiuliza. Anafungua daftari na kukwambia jalada liko kwa mhasibu, mfuate. Windows inaifanya nusu ya kwanza ya kazi hii kwa uaminifu mkubwa. Nusu ya pili inaiacha.

Nusu ya kwanza isidharauliwe. Mfikirie mtunza hesabu wa saccos anayefunga mwezi. Programu yake haiandiki faili yote kwa mara moja. Inaandika kipande hapa, inarekebisha fahirisi kule, inarudi mwanzo kuweka jumla. Katikati ya hatua hizo faili haiko sawa, na kwa muda huo ni programu peke yake inayojua kipi kimekamilika na kipi bado. Mtu mwingine akiweza kuiondoa faili wakati huo, hakuna atakayejua miamala ipi iliingia na ipi ilipotea. Kwenye folda inayotumiwa na ofisi nzima hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu aliyeishika faili yuko chumba kingine, kwenye kompyuta nyingine. Unaweza kuzikagua programu za mashine yako mpaka kesho usimwone. Anayeweza kumwona ni msimamizi wa seva, ambaye ana orodha ya faili zilizofunguliwa kupitia mtandao na majina ya waliozifungua.

Ukataaji huu haukuwapo tangu mwanzo. Kompyuta za DOS za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliendesha programu moja kwa wakati, kwa hiyo hapakuwa na wa kugombania naye faili. Mwaka 1984, DOS toleo la 3.0 ilipokuja na maandalizi ya mtandao wa ofisini, ilikuja na programu ndogo iitwayo SHARE, ambayo kazi yake ilikuwa kusimamia nani ameshika faili gani. Windows NT, iliyosanifiwa na timu ya Dave Cutler na kutoka mwaka 1993, ikaufanya usimamizi huo kuwa sheria ya mfumo mzima. Windows unayoitumia leo ni mjukuu wa NT, na sheria ni ile ile.

Huko Bell Labs nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioanza kuijenga Unix mwaka 1969, walikwenda upande mwingine kabisa. Kwao jina la faili ni kitu kimoja, na yaliyomo ni kitu kingine. Jina linakaa kwenye folda. Yaliyomo yanakaa kwenye diski chini ya namba yake. Ukifuta, unaondoa jina. Kama kuna programu inayoendelea kuyasoma yaliyomo, haisumbuliwi, na nafasi ya diski inarudi pale tu mshikaji wa mwisho anapoachia. Linux imerithi utaratibu huu, ndiyo maana inaweza kubadilishiwa sehemu nyingi huku ikiendelea kufanya kazi. Windows, kwa faili zake zilizoshikwa, huandika orodha ya zitakazobadilishwa na kukuomba uwashe upya. Orodha hiyo inatekelezwa mapema kabisa, kabla programu za kawaida hazijapata nafasi ya kushika chochote. Ile sentensi ya kukutaka uwashe upya kompyuta baada ya masasisho, inayowaudhi watu katikati ya kazi, ina mzizi wake hapa.

Wapenzi wa Linux husema basi huko ndiko kwenye busara. Siwafuati hadi mwisho. Muulize msimamizi yeyote wa seva kuhusu diski iliyojaa. Anakuta faili ya kumbukumbu za matukio imevimba hadi makumi ya gigabaiti, anaifuta, anapumua, anatazama nafasi: haijaongezeka. Faili haionekani kwenye folda yoyote, lakini programu bado imeishika na inaendelea kuiandika. Amri ya du, inayojumlisha faili zinazoonekana, inasema nafasi ipo. Amri ya df, inayoiuliza diski yenyewe, inasema imejaa. Zote mbili zinasema kweli. Hapo ndipo anapohitaji lsof, chombo kilichoandikwa na Vic Abell wa Chuo Kikuu cha Purdue, kimtajie programu iliyoshikilia faili isiyo na jina tena, ili aianzishe upya au aiamuru ifungue faili mpya. Asiyekijua chombo hicho atafuta faili moja baada ya nyingine, pengine na zile zilizohitajika, na diski itabaki imejaa.

Kwa mtu wa kawaida, basi, naona Windows imechagua vizuri zaidi. Ikisema faili imefutwa, kwa kawaida haionekani nafasi ikiliwa kisirisiri na kitu kisicho na jina. Na ikishindwa, inasema imeshindwa. Mwalimu anayeandaa ripoti za wanafunzi hapaswi kujua tofauti ya jina na yaliyomo. Anapaswa kuambiwa ukweli, na Windows inamwambia ukweli. Tatizo ni kwamba umekatwa katikati.

Na umekatwa ilhali mashine ina kila kinachohitajika kuumalizia. Taarifa za programu gani imeshika faili gani ziko ndani ya Windows muda wote. Mwaka 1996 Mark Russinovich na Bryce Cogswell walianzisha Sysinternals na kuanza kutoa bure zana za kuchungulia ndani ya Windows. Miongoni mwa zana hizo zipo Handle na Process Explorer: unaandika jina la faili, zinakutajia mshikaji. Mwaka 2006 Microsoft ikainunua kampuni yao na kumwajiri Russinovich. Tangu hapo, chombo kinachojibu swali la "programu gani?" ni mali ya kampuni ile ile inayokionyesha kisanduku kisichojibu.

Windows Vista, iliyoingia sokoni kwa umma Januari 2007, ilileta njia ya programu kujitambulisha kwamba ndiyo iliyofungua faili fulani. Ndiyo maana ukijaribu kufuta waraka uliofunguliwa, mara nyingine unaambiwa wazi kwamba umefunguliwa katika Microsoft Word. Lakini njia hiyo inategemea hiari ya programu. Isiyojitambulisha inaweza kubaki ikiitwa "programu nyingine" tu. Mwaka 2022 Microsoft ikaongeza File Locksmith ndani ya PowerToys: unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia, unaonyeshwa programu zilizoishika. Kizuri, na ninakipendekeza. Ila PowerToys haiji na Windows. Inabidi ujue ipo, uitafute, uipakue na kuisakinisha. Anayeijua mara nyingi ni yule ambaye angeweza kujisaidia hata bila hiyo.

Wapo watakaosema kumtaja mshikaji ni kufichua mambo ya mtumiaji mwingine kwenye mashine inayotumiwa na wengi. Hoja hiyo ina uzito kwenye seva. Kwenye laptopu ya mtu mmoja haina uzito wowote: mwenye mashine, mwenye faili na mwenye programu ni mtu yule yule.

Ukimya huu una gharama. Mtu asiyeambiwa chanzo hutafuta nguvu. Anaingia mtandaoni, anaandika kwamba faili imegoma kufutika, na anaonyeshwa programu za bure zinazodai kuvunja kufuli lolote. Baadhi ni za kweli. Nyingine huja zimebeba matangazo, hubadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, au huingiza kitu kibaya zaidi, na kwa kawaida huomba jambo moja kabla ya kuanza: zipewe mamlaka ya msimamizi wa mashine. Mtu anayetaka kuondoa faili moja ya video anaikabidhi kompyuta nzima kwa asiyemjua. Sijui biashara nyepesi kwa mhalifu kuliko hiyo.

Hapo pia ndipo makosa mawili tofauti yanapochanganywa. Kosa namba 32 linasema faili imeshikwa. Kosa namba 5 linasema huna ruhusa. La pili linaweza kutatuliwa kwa kupewa mamlaka; la kwanza halitatuliki hivyo, kwa sababu hata msimamizi mkuu wa mashine anakataliwa faili ikiwa imeshikwa. Nimeona mafundi wakibadilisha ruhusa za folda nzima, wakimpa kila mtu haki ya kila kitu, ili kufuta faili iliyokuwa imeshikwa tu. Faili ilibaki pale pale, na folda ikabaki wazi kwa kila mpita njia.

Kwenye steshenari ugonjwa ni mmoja na sura ni nyingine. Mteja amemaliza kuchapa, Windows inasema flashi bado inatumika, nyuma kuna foleni, mwenye duka anaichomoa. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2018 lijulikanalo kama 1809, flashi zimepangwa kwa chaguo-msingi ziweze kuchomolewa haraka, na hilo limepunguza ajali. Halikuziondoa. Kama faili iko katikati ya kunakiliwa, au Word bado inahifadhi, utakachokipata nyumbani ni faili isiyofunguka, au flashi inayokuomba uifomati. Kwa mwanafunzi ambaye nakala pekee ya tasnifu yake iko ndani ya flashi hiyo, huo ni mwaka mzima wa kazi.

Basi ufanyeje siku faili ikigoma? Anza kwa kumshuku File Explorer mwenyewe, programu inayokuonyesha folda zako, maana mara nyingi sana mshikaji ni yeye. Kama upande wa kulia wa folda kuna sehemu inayoonyesha yaliyomo kabla hujafungua faili, faili hiyo imefunguliwa ili ionyeshwe. Bonyeza Alt na P kuizima, ujaribu tena. Picha ndogo za video nazo hushika faili kwa muda. Halafu wafikirie wanaofanya kazi kimya: kinga ya virusi inayokagua faili mpya, na programu za kupandisha faili mtandaoni kama OneDrive. Hawa wanahitaji dakika chache tu; wape.

Isiposaidia, itafute Resource Monitor kwa kuandika resmon kwenye sehemu ya kutafutia. Imo ndani ya Windows, huhitaji kupakua kitu. Fungua ukurasa wa CPU, na kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho katika sehemu ya Associated Handles andika jina la faili au sehemu yake. Utaonyeshwa jina la programu. Nashangaa kila siku kwamba chombo hiki kipo kwenye mamilioni ya kompyuta na wanaokijua ni wachache hivi. Ukishalipata jina, funga programu hiyo kwa njia ya kawaida, ukihifadhi kazi yako kwanza. Ikiwa imeganda, ikomeshe kupitia Task Manager.

Process Explorer inakuruhusu kwenda mbali zaidi: kuifunga faili kwa nguvu huku programu iliyoishika ikiendelea kuishi. Usifanye hivyo. Programu huifahamu faili yake kwa namba iliyopewa na Windows. Ukiifunga faili kwa nguvu, namba ile inarudi kwenye akiba na inaweza kupewa faili nyingine ambayo programu hiyo hiyo itaifungua baadaye. Programu, isiyojua kilichotokea, itaendelea kuandika kwenye namba ile ile. Data za faili moja zinaingia ndani ya nyingine, na hakuna atakayeona kosa lolote kwenye skrini siku hiyo.

Kuwasha upya kunaondoa kufuli za namna hii, ila kwa sharti ambalo wengi hawalijui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa Shut down hazizimiki kabisa. Programu ulizofungua zinafungwa, lakini moyo wa mfumo na huduma zake vinahifadhiwa kwenye diski ili kesho mashine iwake haraka. Kama mshikaji ni huduma ya aina hiyo, unazima usiku, unawasha asubuhi, na mshikaji yupo kazini. Chagua Restart. Hiyo inaanza upya kweli kweli.

Kuna kufuli la aina nyingine linalowahusu zaidi wanaoishi na umeme unaokatika. LibreOffice, ikifungua waraka, huweka kando yake faili ndogo iliyofichwa yenye taarifa za aliyeufungua. Word nayo huweka yake, inayoanza na alama ya mawimbi na ya dola. Lengo ni zuri mno, tena ni lile lile ninalolidai: mwenzako akifungua waraka huo aambiwe nani anao. Lakini umeme ukikatika ghafla, faili ile ndogo inabaki. Umeme ukirudi unaambiwa waraka umefungwa na mtumiaji, na ukitazama jina, ni lako. Hapa hakuna programu iliyoshika kitu. Ni maandishi yaliyobaki. Hakikisha hakuna mwenzako kwenye mtandao aliyeufungua waraka huo, kisha ifute ile faili ndogo. Waraka wenyewe usiuguse.

Virusi navyo hujificha nyuma ya sheria hii. Kirusi kinachoendeshwa kinaishika faili yake mwenyewe, na kinga ya virusi inaweza kukataliwa kuifuta kama ambavyo ungekataliwa wewe. Dawa ni kukagua mashine kabla kirusi hakijaamka: Microsoft Defender ina ukaguzi wa nje ya mtandao unaowasha kompyuta katika mazingira ya pembeni, Windows yenyewe ikiwa bado imelala. Utumie huo kabla hujafikiria kufomati diski na kupoteza kila kitu.

Lakini haya yote ni maarifa ambayo mtumiaji hakupaswa kulazimika kuyatafuta. Ndiyo maana maneno yangu ya mwisho ni kwa vijana wetu wanaoandika programu, wale wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko, wanaotengeneza mifumo ya maduka ya dawa, shule na vyama vya akiba. Fungua faili pale unapoihitaji, ifunge mara tu umalizapo, hata pale programu yako inapokutana na kosa katikati ya njia. Usiishike ripoti usiku kucha kwa sababu tu mtumiaji aliitazama asubuhi. Kama kufutwa kwa faili hakutaharibu kitu, toa ruhusa ya kufuta. Na programu yako ikikutana na kosa namba 32, usimwonyeshe mteja namba hiyo wala sentensi isiyo na mwenyewe. Tangu Vista, Windows ina kitu kiitwacho Restart Manager, ambacho programu yoyote inaweza kukiuliza faili fulani imeshikwa na nani, nacho kikarudisha orodha ya majina. Ni mistari michache ya kodi, na maelezo yake yametolewa na Microsoft wenyewe.

Nanyi mnaonunua mifumo hiyo kwa fedha za wanachama na za umma, liandikeni sharti hilo kwenye zabuni: mfumo ukishindwa kufungua, kubadilisha au kufuta faili, uitaje programu iliyoishika. Mkandarasi atakayesema haiwezekani, mwulizeni kama amewahi kuisikia Restart Manager.